Lenzi ya Zumu Haitaki Mafuta ya Bunduki

Askari hufundishwa mapema jinsi ya kukitunza chombo alichokabidhiwa: akisafishe kila siku, akipake mafuta kila mahali chuma kinapogusana na chuma, na kikikwama asikionee haya, bali auvute mkono wa kukokea kwa nguvu mpaka kitii. Mafunzo hayo ni mema kwa bunduki. Kwa lenzi ya kamera ni maangamizi. Lenzi nyingi zilizokuwa nzima zimeharibiwa na watu wenye nia njema, kwa tone moja la mafuta na msukumo mmoja wa mkono, na hasara yake huonekana baada ya miezi kadhaa, wakati mwenyewe ameshasahau alilolitenda.

Siku hizi simu ya mkononi imetwaa kazi nyingi za kamera, wala hilo si baya. Lakini ipo mipaka. Mzazi anayekwenda Kabalye, karibu na Masindi, kumtazama mwanawe akihitimu mafunzo ya polisi, huketi mbali na uwanja wa gwaride, na simu nyingi zitamwonyesha mtoto huyo kama chembe ya mtama. Hapo ndipo lenzi ya zumu, ile ambayo kwa kuzungusha pete moja hukivuta kilicho mbali kikawa karibu, inapoonyesha thamani yake. Isitoshe, kwa baadhi ya familia za kambini kamera imekuwa kama shamba la pili. Mama wa nyumba hupiga picha za kwanjula, za ubatizo na za harusi mwishoni mwa juma, na fedha zake huziba pale mshahara unapopungukia. Lenzi ikikwama siku ya Ijumaa, ilhali sherehe ni Jumamosi na arubuni imekwisha kuliwa, jambo hilo si la mchezo.

Ili mtu ajue lipi la kulifanya na lipi la kuliacha, yafaa kwanza afahamu kilichomo ndani. Wengi hudhani lenzi ni vioo tu. Kwa kweli lenzi ya zumu ni mashine inayotembea. Ile ya kwanza kuuzwa kwa kamera za picha za kawaida zitumiazo filamu ya milimita 35 ilikuwa Zoomar ya kampuni ya Voigtländer ya Ujerumani, mwaka 1959, iliyobuniwa na Frank Back. Ilianzia milimita 36 ikafika 82. Tangu hapo zimekuja mota, kompyuta na plastiki, lakini msingi wa mwendo haukubadilika sana. Silinda huingiana moja ndani ya nyingine mithili ya antena ya redio. Mojawapo imechongwa mifereji iliyopinda, na ndani ya mifereji hiyo hupita vijiti vifupi vilivyovikwa bushi ndogo za shaba au za nailoni. Pete inapozungushwa, mifereji huzisukuma bushi, na bushi huvipeleka vioo mbele au nyuma, kila kundi la vioo kwa mwendo wake. Dereva wa lori la jeshi atazielewa mara moja: ni ndugu wadogo wa zile bushi za springi. Zikiwa nzima, mwendo wa pete ni mwororo. Zikilika, silinda huanza kucheza. Zikivunjika, lenzi hukwama.

Maradhi ya lenzi hii, basi, ni maradhi ya mwendo, na mkono wa mwenyewe ndio daktari wa kwanza. Anayeijua lenzi yake akiwa mzima hutambua upesi siku ilipobadilika: imekuwa nyepesi kupita kiasi, au nzito, au ina mahali inapokwaruza, au inagonga kizuizi kabla ya kufika mwisho.

Ugonjwa unaojulikana zaidi ni kuteleza. Kamera ikining'inia shingoni, silinda ya mbele hushuka yenyewe kwa uzito wa vioo vyake. Hili si lazima liwe dalili ya kuvunjika. Lenzi zenye masafa marefu huteleza hata zikiwa mpya. Lenzi ya Nikon ya milimita 18 hadi 200, iliyotoka mwaka 2005, ilijulikana kwa tabia hiyo, na toleo lililoifuata mwaka 2009 liliwekewa kitufe cha kuifunga. Ile ya Canon ya milimita 100 hadi 400, ya mwaka 1998, ambayo huvutwa na kusukumwa badala ya kuzungushwa, ilipewa pete maalumu ya kuongeza au kupunguza ugumu. Kabla ya kukata tamaa, mwenye lenzi na aitazame vizuri ubavuni. Huenda dawa ilishawekwa kiwandani na hakuna aliyemwonyesha.

Kwa mpiga picha za harusi kuteleza ni kero tu. Kwa polisi anayepiga picha za ushahidi ni jambo zito. Alama ya kiatu iliyoachwa kwenye udongo hupigwa picha kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu, ikitazama chini moja kwa moja, na rula imelazwa kando ya alama. Mkao huo wa kutazama chini ndio hasa unaoifanya lenzi iteleze. Ikiwa mwanga ni hafifu na shata inabaki wazi kwa nusu sekunde au zaidi, picha hutoka na ukungu. Hata shata ikiwa ya haraka, lenzi nyingi za zumu hupoteza fokasi mara masafa yake yabadilikapo, hivyo aliyekwisha kulenga vizuri hupiga kitu ambacho hakioni tena sawasawa. Picha ya namna hiyo haitamsaidia mtaalamu kulinganisha soli na alama, na mvua ya jioni ikishanyesha hakuna kurudia. Kwa kazi hiyo lenzi isiyo na zumu ni bora, hata kama ni ya zamani na ya bei nafuu. Iwapo haipo, lenzi na ifungwe kwanza, kisha ilengwe, kisha itazamwe tena kabla ya kubonyeza.

Namna ya kuifunga ni rahisi. Ukanda wa tyubu ya baiskeli, upana wa kidole, hukatwa kwa duara na kuvikwa pale pete ya zumu inapokutana na sehemu isiyozunguka. Mpira hushika pande zote mbili na kuipa pete uzito. Usibane pete ya fokasi, maana mota inayolenga yenyewe itahangaika bure na huenda ikachakaa. Gundi ya utepe haifai. Juani huyeyuka, ikatambaa kuingia ufani, na baadaye kuiondoa ni kazi kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Kando ya hilo upo mpira wa pete, ule ushikwao na vidole. Ukilegea ukawa unazunguka peke yake, si lenzi iliyoharibika. Mara nyingi umelainishwa na jasho na mafuta ya mwilini, na adui yake mkubwa ni dawa za kujipaka za kufukuza mbu zenye DEET, ambazo hula mpira na plastiki. Aliyejipaka dawa hiyo na anawe mikono kabla ya kushika kamera. Mpira uliolegea huvuliwa taratibu, ukaoshwa kwa sabuni, ukakaushwa kivulini na kurudishwa.

Vumbi na mchanga ni habari nyingine. Lenzi inayorefuka inapovutwa huingiza hewa, na inapofupishwa huitoa, kama mivukuto ya mhunzi. Katika barabara za Karamoja wakati wa kiangazi hewa hiyo ina vumbi. Askari wa Uganda waliopelekwa Somalia tangu mwaka 2007 wamekutana na mchanga na upepo wa bahari wenye chumvi kwa pamoja. Vumbi jembamba likikaa juu ya kioo cha ndani halidhuru picha kama watu wanavyohofia. Chembe chache hazionekani kabisa, na kuifungua lenzi kwa ajili yake ni kutafuta balaa. Chembe ya mchanga iliyoingia kati ya silinda mbili ndiyo ya kuogopwa. Mkono huisikia: pete hukwaruza kama meno yanayotafuna changarawe. Hapo mtu na aache kuzungusha papo hapo. Lenzi huelekezwa kioo chake chini, na uwazi ulio baina ya silinda hupulizwa kwa pampu ndogo ya mpira, huku ikipanguswa kwa brashi laini. Pampu ya baiskeli ina mafuta ndani yake, na mdomo wa mtu una mate. Vyote viwili havifai. Upepo mkali wa kompresa ya gereji husukuma chembe ndani zaidi.

Kisha zipo skrubu. Silinda na bushi zimeshikwa kwa skrubu ndogo, nyingine nyembamba kuliko punje ya mchele, na adui yao ni mtikisiko. Kamera inayosafiri kila siku juu ya boda boda au nyuma ya lori hutikiswa mpaka skrubu moja ilegee. Mwanzoni silinda ya mbele hucheza kidogo ikishikwa kwa vidole viwili. Baadaye skrubu hujitokeza na kugonga ukingo wa mfereji, na lenzi hukataa kupita kipimo fulani, labda milimita 35, labda 50. Watu wengi huharibu hapa. Lenzi iliyogonga kizuizi mahali ambapo zamani ilipita bila taabu haiombi nguvu. Ikilazimishwa, skrubu huchimba mfereji, bushi hupasuka, na tengenezo lililokuwa la dakika chache huwa la kutafuta vipuri ambavyo huenda havipatikani. Skrubu iliyolegea fundi huikaza kwa dakika chache. Mfereji uliochimbwa haukazwi.

Hata hivyo bisibisi ya nyumbani isikimbiliwe. Lenzi zilizotengenezwa Japani mara nyingi hutumia skrubu za msalaba za kipimo cha Kijapani, ambacho hakilingani sawasawa na bisibisi za kawaida za dukani. Bisibisi isiyo yake huteleza na kuila skrubu kichwa, na skrubu isiyo na kichwa hata fundi huisikitikia. Tena chini ya pete ya chuma inayoshikana na kamera aghalabu huwa na vipande vya bati vyembamba kama karatasi, vilivyowekwa kiwandani ili umbali uwe sahihi. Asiyejua huvidhani takataka. Vikipotea, lenzi haitalenga sawasawa tena, na mwenyewe hatajua ni kwa nini.

Sasa mafuta. Na ichukuliwe nyumba moja ya kambini, ambayo mke hupiga picha za sherehe na mume ni sajenti mwenye mikono mizuri. Pete ya lenzi imekuwa nzito kwa vumbi la kiangazi. Mume, kwa kumhurumia mwenzake, analeta kichupa cha mafuta ya silaha na kutia tone moja ufani. Lenzi inakuwa laini, na kwa majuma mawili anasifiwa. Mwezi wa tatu picha za harusi zilizopigwa adhuhuri zinatoka nyeupe kama zimemwagiwa maziwa, nguo ya bibi arusi haina hata mkunjo mmoja unaoonekana, na mwenye harusi anadai fedha zake. Wanakwenda kwa fundi. Fundi anaishika lenzi mbele ya dirisha, anasukuma kijiti cha nyuma, anatazama ndani.

"Afande, humu kumetiwa mafuta."

"Kidogo tu, fundi. Ilikuwa ngumu."

"Sasa imelainika, Afande, lakini haifumbi jicho."

Alichokiona ni hiki. Ndani ya lenzi mna tundu la mwanga linalofungwa na vibamba vyembamba kama wembe. Katika kamera za aina hii tundu hubaki wazi mtu anapotazama, kisha hujifunga ghafula kitufe kinapobonyezwa, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Vibamba hivyo hufanya kazi vikiwa vikavu. Mafuta ya silaha ni mepesi na hutambaa. Hufuata mfereji, hushuka mpaka katikati, na vibamba hushikana kama kurasa mbili zilizolowa. Shata inapofunguka tundu bado halijajifunga, mwanga unaingia kupita kiasi, na picha inaungua. Tena mafuta hayo huyeyusha ile grisi nzito kidogo iliyowekwa kiwandani, nayo ikaanza kusafiri. Mvuke wake huganda juu ya vioo kama pumzi juu ya kioo cha dirisha, ila haukauki. Dawa ni kuifungua lenzi yote na kuosha kibamba kimoja kimoja, kazi ambayo gharama yake huweza kukaribia bei ya lenzi nyingine iliyotumika. Baada ya siku hiyo mama huyo huufunga mfuko wa kamera kwa kufuli, na hakuna wa kumlaumu.

Joto nalo hufanya kazi ile ile pasipo tone la mtu yeyote. Lenzi iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari mchana kutwa, au chini ya bati lisilo na dari, grisi yake hulainika na kuanza kutoa mafuta. Lenzi za zamani huumwa zaidi.

Kamera za kisasa zimeongeza ugonjwa wa utepe. Ndani ya lenzi mna utepe mwembamba wa nyaya unaopeleka umeme kwenye tundu la mwanga na kwenye mota, na katika baadhi ya lenzi hukunjwa kila zumu inapozungushwa. Baada ya miaka hupasuka. Dalili yake ni kamera kutoa maandishi ya hitilafu katika masafa fulani tu, au pale tundu linapotakiwa kujifunga. Kwanza sehemu za shaba zinazogusana na kamera zifutwe kwa kitambaa safi kikavu, kwani pengine ni jasho tu. Hitilafu ikibaki, mtu ajaribu kupiga tundu likiwa wazi kabisa, yaani kwa ile namba ndogo kuliko zote. Kamera ikikubali hivyo na kukataa kwa namba kubwa, shaka kubwa iangukie utepe au vibamba. Hii ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Kamera ndogo za mfukoni, zile ambazo lenzi hujitokeza yenyewe zinapowashwa, hukwama sana kwa mchanga wa mfukoni na kwa kuangushwa zikiwa wazi. Betri ijazwe kwanza, maana betri dhaifu huleta dalili ile ile. Kisha kamera ielekezwe chini, ipulizwe pembeni mwa silinda, iwashwe tena. Isivutwe kwa vidole. Gia zake ni za plastiki na meno yake ni laini. Mtoto hodari wa kufungua redio asiruhusiwe kuifungua hata kidogo: ndani yake, kwa ajili ya mwanga wa flashi, mna kihifadhi cha umeme kinachoweza kubaki na volti zipatazo 300 hata betri ikiwa imetolewa.

Mwenye kununua lenzi iliyotumika, iwe mjini Kampala au kwa askari mwenzake anayehamishwa, na achukue tochi na muda wa kutosha. Azungushe zumu toka mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, lenzi ikitazama juu, kisha chini. Atazame vichwa vya skrubu; vilivyochubuka husema kwamba mtu alishaingia. Amulike ndani kutafuta nyuzi za ukungu wa kuvu, unaopenda unyevu, hususan kwa walio kando ya ziwa kama Entebbe, na ambao hula hata rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo. Aipapase pete ya mbele inayoshika filta. Ikiwa na kibonyeo, lenzi ilianguka. Hapo apige picha ya ukuta wa matofali akiwa ameukabili sawasawa, kisha alinganishe pande mbili: upande mmoja ukiwa na ukungu kuliko mwingine, huenda vioo vimekaa upogo. Lakini sauti ya kugongagonga lenzi inapotikiswa isimtishe mara moja. Lenzi zenye kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono huwa na kundi la vioo lililo huru wakati hazina umeme, na sauti hiyo ni ya kawaida yake. Wauzaji wengine hupunguziwa bei bure kwa sababu hiyo.

Ikiwa basi ni Ijumaa jioni na lenzi imegoma katika milimita 50, bado sherehe ya kesho haijaharibika. Lenzi iliyokwama mahali pamoja na inayolenga vizuri ni lenzi isiyo na zumu. Pete isiguswe tena, ukanda wa tyubu uvikwe ili isisogee, mota ya fokasi ijaribiwe kwa picha tano za mlango wa nyumba, na mpiga picha atembee kwa miguu yake kwenda mbele na nyuma badala ya kuzungusha. Maharusi hawatatambua. Jumatatu asubuhi lenzi ipelekwe kwa fundi ikiwa hivyo hivyo, pamoja na karatasi iliyoandikwa ilikwama lini, katika kipimo gani, na kama ilianguka.